Rezistansi ya ampli ya lampu imeungua, rangi hazisomeki: nitajuaje thamani yake?

mtoto_wa_kadutu (Bukavu)

Jambo, wakubwa. Nina ampli ya lampu (kikuza sauti cha zamani chenye lampu za kioo) ya marehemu Papa, stereo, yenye EL84 nne, lampu za kusukuma spika, na ECC83 mbili, lampu ndogo za mwanzo. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa anapiga rumba humo, na tangu alipotutoka hakuna aliyeigusa hadi mwezi jana. Nikaiwasha. Dakika kama kumi ilikuwa sawa, kisha upande wa kulia ukaanza kukoroma, harufu kali ikatoka, nikachomoa.

Chini nilikuta rezistansi moja (kipande kinachozuia umeme), ile iliyolehemewa kwenye mguu wa 3 wa EL84, imepasuka ubavuni na kuwa mkaa. Mistari yake ya rangi, inayoonyesha thamani, kwa kioo cha kukuzia naona kahawia, zambarau iliyofifia, halafu kitu cheusi. Fundi mmoja wa mtaani akasoma 17, akaweka ya omu 18. Yenyewe haikuungua, ila sahani ya ndani ya lampu iliwiva nyekundu machoni pangu, nikazima mbio. Mchoro sina. Ninachoogopa ni kuua transfoma ya spika, maana nyingine kama ile hapa Bukavu sitaipata. Nifanyeje?

goma_birere

Pole sana, ndugu. Usiiwashe tena kwanza. Na kabla hujatia mkono ndani: kondansateri kubwa, zinazotunza umeme, hubaki na volti karibu 300 hata ukishachomoa waya ukutani. Mimi zilinikamata siku moja, mkono ukafa ganzi hadi jioni. Usizimalize kwa bisibisi, cheche yake inaharibu. Shika kwa koleo lenye mpini wa plastiki rezistansi ya omu 10,000, wati 5, iguse kati ya chanya na bodi (sanduku la chuma) kwa nusu dakika, kisha upime kwa multimeta uone zimeshuka kweli.

fundi_wa_kamalondo (Lubumbashi)

Kijana wangu, rezistansi yako imekuambia ukweli, ila moto umeibadilisha sauti. Rezistansi ya omu 17 haipo. Zile za asilimia 10 walizotumia zamani zinapanda hivi: 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33. Kumi na saba utaitafuta hadi uchoke. Moto hugeuza nyekundu kuwa kahawia, na kahawia ukiizidishia moto inakuwa nyeusi. Basi rudisha nyuma: kahawia ya kwanza ilikuwa nyekundu, ile 2; zambarau ni 7, imebaki; nyeusi ya mwisho ilikuwa kahawia, yaani ongeza sifuri moja. Ni 270. Na kwa EL84 yenye rezistansi yake peke yake, 270 ni namba ninayoifahamu vizuri.

Lakini usiniamini mimi, waulize wenzake. Lampu zako ni nne, kwa hiyo kuna rezistansi nyingine tatu zenye kazi ileile. Ampli ikiwa imezimwa na imemalizwa umeme, weka multimeta kati ya mguu wa 3 na bodi kwa kila moja, subiri namba itulie kwa sababu kuna kondansateri sambamba nayo.

Sasa jambo ambalo fundi wako hakuuliza: kwa nini iliungua? Lampu ikiwa nzima, kwenye kathodi, yaani mguu wa 3, unapata volti 10 au 11 hivi. Gawa kwa 270, ni miliampea 40. Hiyo haifiki hata nusu wati. Rezistansi haiwezi kugeuka mkaa kwa nusu wati, kuna kitu kiliisukuma. Mimi namshuku kwanza kondansateri mdogo anayetoka anodi (sahani) ya ECC83 kwenda mguu wa 2 wa EL84, yaani gridi, mlango wa lampu. Akizeeka anavujisha volti chanya kwenye gridi, lampu inafunguka kupita kiasi, na anayelipa ni rezistansi ya chini. Toa hiyo EL84, washa kidogo, pima mguu wa 2 na bodi. Inatakiwa sifuri. Ukipata volti hata mbili, huyo ndiye.

Na ile kondansateri ya elektroliti iliyo sambamba na rezistansi iliyokufa usiiache. Rezistansi ilipokatika, volti zilipanda juu yake, nayo imeandikwa volti 25 tu. Ibadilishe.

mtoto_wa_kadutu

Aksanti sana, Papa. Nimepima usiku huu: 271, 268, na ya tatu 283. Rangi zake zote zimekuwa kama chokoleti, nisingezisoma kamwe. Mguu wa 2: volti 4.6! Lampu nyingine tatu ni sifuri. Shida moja: sokoni Kadutu sikupata 270 nene. Kuna 560 za wati 2 zilizotolewa kwenye televisheni mbovu.

fundi_wa_kamalondo (Lubumbashi)

Unganisha mbili za 560 sambamba, utapata 280 na wati 4. Inatosha kabisa. Zipime kwanza kila moja, za televisheni nazo zimeona moto. Usizilaze juu ya bodi, ziinue kidogo hewa ipite. Kondansateri mpya mdogo, yule wa mguu wa 2, awe wa volti 630, thamani ileile ya mikrofaradi. Siku ya kuwasha tia balbu ya nyuzi ya wati 100 mfululizo na waya wa umeme. Ikiwaka kwa nguvu ikabaki hivyo, zima. Ikiwaka kisha ikafifia, endelea.

mtoto_wa_kadutu

Balbu iliwaka, ikafifia. Nikaitoa, nikasubiri umeme wa hapa utulie. Kathodi ya lampu mpya: volti 10.9. Jirani yake: 10.6. Mguu wa 2 sasa ni sifuri. Ile lampu iliyowiva nimeifunga kwenye gazeti, sitairudisha. Nimeiacha saa nzima, nagusa transfoma kila dakika kumi, ni vuguvugu tu. Mama alikuwa jikoni. Santuri ilipoanza alizima jiko, akaja kukaa kwenye kiti cha Papa, akaniambia niongeze sauti kidogo.