Vipindi vya rialiti: kosa ni la mshiriki, la mwandika maandishi ya chini, au la mkasi?

Mwambao_Mtwara (mleta mada)

Wakuu habari za jioni, na shikamoo kwa wanaostahili.

Nauliza wapenzi wa vipindi vya rialiti: hivi vya kutafuta wachumba, vya kufungia watu nyumba moja, na vya kusaka vipaji. Maandishi ya chini ya vipindi vingi siku hizi yanakera kuliko ugomvi wenyewe. Mshiriki anasema hivi, chini panaandikwa vile, na sebule nzima inagawanyika. Kero zenyewe ni kama hizi:

– Dada anasema "hana mtu", chini inasomeka "ana mtu".
– "Nimekua nae miaka mitatu", wakati wamejuana ukubwani.
– Jaji wa muziki kila wiki: "nyimbo yako umeiimba vizuri".
– "Masaa", "nnakuja", "naomba niweze kusema".
– Sentensi ambazo hazina kichwa wala miguu, kama mtu kaanza kumsema mwenzake akamalizia kusema kabati.

Tunataka kuwaandikia watengenezaji kwenye ukurasa wao. Hatutaki kuchekwa kwa kuchanganya makosa ya kweli na kero zetu za kipwani. Yapi tuyapeleke, yapi tuyaache? Na tuandikeje ili mtu achukue hatua? Natanguliza shukrani.

---

Kalamu_ya_Masasi

Mkuu, pima kwa swali moja: kosa limegeuza maana au halikugeuza? Likigeuza maana, linamchafua mshiriki mbele ya wapiga kura. Hilo peleka. Mengine ni ladha.

Kwa kipimo hicho *ana/hana* ni namba moja. Wengi wetu Kusini na Bara tunaidondosha h tukiongea, na wengine wanaipachika pasipotakiwa. Lakini hatari haiko kila mahali, ndiyo maana mwandishi aliye makini anajua pa kusimama na kurudisha nyuma. Angalieni:

anataka / hataki: mwisho wa kitenzi umebadilika, hata h ikimezwa utajua.
alikuja / hakuja, amekuja / hajaja: hakuna shaka.
wana / hawana, ina / haina, tuna / hatuna: hakuna shaka.

Shaka imebaki kwa *yeye* na *wewe* tu, na hasa penye -na ya kumiliki, -ta- na -nge-: ana/hana, una/huna, atakuja/hatakuja, utaniacha/hutaniacha, angekubali/hangekubali. Hapo herufi moja ndiyo inayobeba ukanushi wote. Sasa fikiria kipindi cha wachumba, ambako maneno yanayosemwa zaidi ni hayo hayo: ana mtu, hana mtu, ataniacha, hataniacha. Anayeandika kwa kusikia mara moja lazima apotee. Dawa ni kusikiliza sentensi inayofuata. Ukisikia "ana mtu, wala hajawahi…", hiyo *wala* inakwambia ilikuwa *hana*.

La pili ni *kua* na *kuwa*. *Kukua* ni kuongezeka kimo au umri. Kwa hiyo "nimekua naye" maana yake tumelelewa pamoja, na "nimekuwa naye" ni habari ya uhusiano. Mtazamaji aliyesoma ya kwanza atajiuliza mbona anataka kuolewa na mtu aliyelelewa naye kama kaka. Hili ni kosa la mwandishi kwa asilimia zote, kwa sababu masikioni yanafanana na mshiriki hana la kujibu.

*Nae, ambae, nao ndo*: andikeni kwa mstari mmoja tu, kwamba ni *naye, ambaye, nao ndio*. Maana haikupotea.

---

Mpiga_Kasia

Naomba niweze kuchukua fursa hii niweze kumkaribisha mshiriki wetu aweze kuja jukwaani 😂

Kuweza mara tatu, na hakuna aliyekuwa anazuiwa. "Karibu jukwaani" imetosha. Hata hivyo hilo si kosa la sarufi, ni mazoea ya washereheshaji ya kununua muda huku wanapewa maelekezo sikioni. Liacheni.

Ila *nyimbo yako* mimi siachi. Wimbo mmoja, nyimbo nyingi. Wimbo wako umeuimba vizuri. Mshiriki aliyeimba wimbo mmoja anasifiwa kwa neno la wingi, halafu jaji huyo huyo anamkata alama kwa "kutamka vibaya". Jaji wa muziki analipwa kwa sikio lake.

---

Mkasi_na_Maiki

Mleta mada, hizo sentensi zisizo na kichwa wala miguu usimlaumu mshiriki haraka. Nyingi zimeunganishwa na mhariri wa video. Mtu kaongea saa nzima mbele ya kamera, kipindi kinahitaji sekunde nane. Basi kinachukuliwa kipande cha dakika ya tatu, kinabandikwa na kipande cha dakika ya arobaini. Ni kazi ya kawaida ya vipindi hivi, na wakati mwingine inafanywa kwa nia njema kabisa ya kufupisha. Tatizo ni pale maana inapozaliwa upya.

Sisi wa Kiswahili tuna bahati: upatanisho wa ngeli unamfichua mkasi. Chukua mfano huu:

"Yule dada kwa kweli… sitaki kuusikia tena."

Ingekuwa ni dada, angesema *kumsikia*. Hiyo *-u-* ni ya wimbo, mziki, mlio, kitu cha namna hiyo. Pengine alikuwa analalamikia muziki unaowaamsha alfajiri. Mhariri asiyejua Kiswahili, au aliyechoka, kasikia "sitaki… tena" kwa sauti ya hasira, akaona inafaa. Mtazamaji anasema "huyu hajui sarufi", kumbe sarufi yake ilikuwa sahihi mahali ilipotoka.

Lakini msikimbilie kila upatanisho wa ajabu mkasema ni mkasi. *Ki-* inaweza kuwa dharau au utani wa makusudi: "kile kidada kinajidai". *Li-* vilevile: "lile jamaa linakula sana". Na "yamenishinda" watu wanasema hata bila kutaja mambo. Ushahidi mzuri ni *-u-* au *-zi-* penye mtu, pamoja na angalau dalili moja kati ya hizi:

Kwanza, mdomo hauonekani. Sauti ya mshiriki inaendelea, picha imehamia kwa mwenzake anayekunja uso, au mgongoni, au kwenye sufuria. Sentensi nzito ikisemwa huku hatumwoni msemaji, tega sikio.

Pili, sauti ya chinichini inaruka. Kila chumba kina mvumo wake: feni, friji, mvua kwenye bati. Ukivaa spika za masikioni utasikia feni inakatika katikati ya sentensi. Muziki wa mashaka hupandishwa papo hapo kuficha hilo.

Tatu, kiimbo. Kiswahili kinashusha sauti mwishoni mwa taarifa. Neno la katikati likishuka kama la mwisho, limetolewa mwisho wa sentensi nyingine.

Jambo lingine linalofanana na kosa ni nyakati kuvurugika kwenye kile chumba cha kuongea peke yake na kamera. "Niko jikoni, naona huyu anaingia, nikamwambia…" Hapo mtu anahojiwa baada ya tukio, pengine kesho yake au baadaye zaidi, na anaombwa aongee kama linatokea sasa. Anaombwa pia alirudie swali ndani ya jibu, kwa sababu sauti ya anayemuuliza itaondolewa. Ndiyo maana unasikia "Kilichonifanya nilie jana ni kwamba…" badala ya "Kitanda changu kimechukuliwa". Hakuna anayeongea hivyo barazani. Mtu akipokezana -na-, -li- na -ka- namna hiyo si mjinga wa lugha, yuko kati ya maelekezo ya mtu na kumbukumbu yake.

---

Mwambao_Mtwara

Hii ya *kuusikia* imenimaliza mkuu. Nitaanza kutazama na spika za masikioni.

Sasa swali la nyongeza: mbona maandishi mengine yanafupisha sana? Mtu kaongea maneno ishirini, chini kuna manane.

---

Kalamu_ya_Masasi

Hapo nawatetea kidogo. Kiwango kinachotumika sana ni mistari miwili kwa wakati mmoja, mstari usiozidi herufi 42 hivi, na kasi ya herufi 17 mpaka 20 kwa sekunde. Nafasi kati ya maneno nayo inahesabika. Kiswahili kinabeba sentensi nzima ndani ya neno: *Hatukumwambia* ni herufi 13 bila pa kukata. Jaribu hii:

Nilimwambia asije akanitegemea katika jambo lile

Ni herufi 48 pamoja na nafasi. Haiingii mstari mmoja, na kwa kasi ya 17 inahitaji karibu sekunde tatu, wakati mtu mwenye hasira anaimaliza kwa moja na nusu. Kwa hiyo mwandishi atatupa "katika jambo lile", au atavunja mistari miwili. Akivunja, avunje baada ya *akanitegemea*. Akiiacha *katika* ikining'inia mwisho wa mstari wa juu, jicho linajikwaa.

Kutupa *yaani*, *kwa kweli*, *kiukweli* si kosa. Kutupa *labda*, *nadhani* au *kama* ni kosa kubwa. "Nadhani ananidanganya" ikiandikwa "ananidanganya", dhana imegeuzwa tuhuma. Hizo mzitafute, ziko nyingi.

---

Mikindani_Kongwe

Vijana wangu, marahaba. Msiwapelekee watu *nnakuja*. Hayo ni matamshi ya pwani, na huku kwetu kuanzia Kilwa, Lindi mpaka Mikindani mnayasikia kila siku. Kuandika *ninakuja* kwenye maandishi ya chini ni sawa, kumcheka aliyetamka *nnakuja* si sawa. Na l na r vilevile. Kiyao hakina r, mtu aliyelelewa nacho akisema *kula* mahali pa *kura* huo ni ulimi wa kwao. Ila maandishi yakiandika "nipigieni kula", hapo mcheke mwandishi.

*Masaa*: kwa Kiswahili sanifu ni saa, umoja na wingi. Lakini nami nimelegea, kwa sababu "kura zinafungwa baada ya saa mbili" inaweza kuwa baada ya mwendo wa saa mbili au baada ya saa mbili usiku. Anayesema "masaa mawili" ameniondolea utata. Asiyetaka kukosea aseme "baada ya muda wa saa mbili".

Kero kubwa kwangu ni matangazo ya muda, na hilo ndilo la kuwaandikia. Mambo mawili.

Moja, "usiku wa Ijumaa". Kwa watu wa pwani siku inaanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Mtangazaji wa mjini anakusudia Ijumaa yenyewe ikishakuchwa. Mzee wa Kilwa Kivinje atawasha king'amuzi siku moja kabla. Watangaze "Ijumaa saa 3 usiku", yaishe.

Mbili, saa za nchi nyingine. Vipindi vinavyorushwa kutoka Afrika Kusini hutangazwa kwa saa za kule, nyuma yetu kwa saa moja. Vya Nigeria viko nyuma kwa saa mbili. Kwa hiyo 20:00 ya Johannesburg ni saa 3 usiku Mtwara, na 19:00 ya Lagos ni hiyo hiyo saa 3. Kura zikifungwa 22:00 ya Johannesburg, wewe una mpaka saa 5 usiku, si saa 4. Wengi wanaacha kupiga kura saa nzima kabla, na wengine wanasoma 20:00 kama saa nane!

---

Mwambao_Mtwara

Shukrani nyingi mzee wetu. Nimeandika rasimu ya mstari wa kwanza, naomba muikague:

*"Kipindi cha wiki iliyopita, dakika ya 23, sekunde ya 14. Lililosikika: 'hana mtu, wala hatafuti'. Lililoandikwa: 'ana mtu, wala hatafuti'. Tunaomba lisomeke: 'hana mtu, wala hatafuti'."*

---

Mkasi_na_Maiki

Imekaa vizuri, na kosa moja kwa mstari mmoja hivyo hivyo. Rekebisha viwili. "Wiki iliyopita" haitamsaidia mtu atakayesoma baada ya mwezi, weka tarehe na namba ya kipindi. Halafu hiyo dakika ya 23 umeihesabu kwenye runinga yenye matangazo ya biashara au kwenye ile waliyopandisha mtandaoni? Faili la mhariri halina matangazo. Chukua muda wa mtandaoni, useme hivyo, na ongeza maneno manne matano yaliyosemwa kabla yake ili wakitafuta wapate hata kama sekunde zimepishana.