Je, bamba la S460M hubaki na nguvu yake likipashwa moto upya?

Swali

Ndugu wataalamu, nina bamba la S460M, aina ya feleji yenye nguvu kubwa, lenye unene wa milimita 30. Cheti cha kiwandani kinaonyesha kaboni asilimia 0.08 na niobi asilimia 0.04, bila vanadi (zote mbili ni metali zinazoongezwa kidogo ili kuikaza feleji), na kikomo cha mnepo, yaani mkazo ambao ukipitwa bamba halirudi katika umbo lake, kimezidi megapaskali 440 zinazotakiwa na EN 10025-4, kiwango cha Ulaya cha feleji hizi, kwa unene huo. Mchoro unaagiza kwamba baada ya kuchomelea, chombo kizima kipashwe moto hadi nyuzi 920 za Selsiasi na kuachwa kipoe hewani. Kwa kuwa kemia ya feleji haibadiliki ndani ya tanuri, kuna sababu ya kuhofia nguvu yake?

Jibu la 1

Ipo, tena kubwa. Herufi M inaeleza jinsi bamba lilivyoviringishwa kinuni, na sehemu kubwa ya nguvu unayoiona kwenye cheti imetokana na kazi hiyo. Donge la feleji hupashwa hadi kati ya nyuzi 1150 na 1250 ili niobi iyeyukie ndani ya ostenaiti, yaani muundo wa fuwele wa feleji ikiwa moto sana. Kisha, joto linaposhuka chini ya nyuzi 1000 hivi, niobi huzuia fuwele zilizobanwa na roli zisijiunde upya, nazo hubaki bapa na zenye mipaka mingi. Kwenye mipaka hiyo ndiko feraiti, muundo wa fuwele wa feleji iliyopoa, huanza kuota wakati wa kupoa, na ukiharakisha kupoa kwa maji unapata fuwele ndogo sana.

Udogo huo una thamani inayokokotoleka. Kwa mlingano wa Hall na Petch, wa miaka ya 1951 na 1953, unaohusianisha ukubwa wa fuwele na nguvu, fuwele za mikromita 5 huchangia takriban megapaskali 246, ilhali za mikromita 10 huchangia takriban 174. Tanuri la nyuzi 920 hufuta fuwele ndogo zilizotokana na ostenaiti iliyobapwa na kuanzisha ostenaiti nyingine isiyobanwa, kwa hiyo fuwele zikikua kiasi hicho tu, tayari umepoteza zaidi ya megapaskali 70.

Jibu la 2

Nakubaliana kuhusu fuwele, lakini tusisahau kwamba katika nyuzi 920 niobi nayo itayeyuka tena, na bamba likipoa itajitenga upya kama chembe ndogo za kabidi, yaani muungano wake na kaboni, zinazokaza feraiti. Huenda hasara ikafidiwa.

Jibu la 3

Fidia hiyo haipatikani kwa niobi. Kwa kemia aliyoitaja muulizaji, na nitrojeni ya kawaida, niobi yote huhitaji karibu nyuzi 1160 ili iyeyuke. Katika 920 inayoyeyuka ni takriban sehemu moja ya kumi. Iliyobaki hukaa kama chembe zinazozidi kunenepa, ambazo bado husaidia kuzuia fuwele zisikue mno, lakini haziikazi feraiti kama zile za nanomita chache. Uliyoyaeleza yanaihusu vanadi, ambayo kabidi yake huyeyuka kwa joto la chini zaidi, na ndiyo maana feleji za S460N, zilizokusudiwa kupoa hewani baada ya kupashwa moto, huruhusiwa vanadi na kaboni nyingi kuliko za M. Titani iko upande wa pili kabisa: nitridi yake, yaani muungano wake na nitrojeni, hustahimili hata joto la kuchomelea, na kazi yake hasa ni kulinda fuwele zilizo kando ya mshono.

Muulizaji

Nashukuru. Inawezekana mbuni alitaka kupunguza mikazo ya kuchomelea tu.

Jibu la 1

Kama ndivyo, nyuzi 550 hadi 580 zinatosha, kwa sababu huko feraiti haigeuki kuwa ostenaiti na fuwele zilizopatikana kinuni hubaki zilivyo. Juu ya 580 mimi singethubutu bila kumuuliza mtengenezaji wa bamba. Kama mbuni anasisitiza nyuzi 920, basi abadilishe feleji na kuchagua S460N, maana ukishafika huko na bamba la M hakuna tanuri litakalorudisha kazi ya roli. Kwa vyovyote vile, kipande cha majaribio cha bamba hilohilo kiingie tanurini pamoja na chombo, kisha kivutwe kwenye mashine kabla kazi haijapokewa.