Mama anakandwa kwa moto kiunoni huku akipigwa mionzi. Je, ni kweli joto linaua saratani?

BintiLangoni, Lamu

Assalam aleikum ndugu zangu. Mamangu ana saratani ya mlango wa kizazi. Tumekuwa kwa shangazi Mombasa kwa ajili ya mionzi, siku tano kila wiki, na sasa tumerudi Langoni kwa sikukuu, siku nne tu.

Tangu juzi jirani yetu mkandaji anakuja baada ya isha. Anapasha kitambaa juu ya makaa, anampaka mama mafuta ya simsim, kisha anamkanda kiunoni na chini ya kitovu. Mama hupata afueni kama saa moja, halafu usiku kucha analalamika kuwaka. Ngozi imekuwa nyeusi, na kwenye mkunjo wa paja imeanza kuchubuka.

Nilipotaka kuzuia nikaambiwa nisikilize sauti aliyotuma binamu yetu aliyeko Uholanzi. Anasema huko saratani hii hii wanaitibu kwa joto la nyuzi 42. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, nawezaje kumkataza mama wa watu aliyenipokea mimi mwenyewe nilipozaliwa? Nisaidieni, Jumatatu tunatakiwa Mombasa.

Mwanashela

Pole sana dada. Mimi naona joto halina madhara, wazee wetu wamekanda miaka yote. Endeleeni, na zile dawa kali za hospitali mpunguze.

FundiVifaa, Malindi

Mwanashela, najua unasema kwa huruma, lakini tafadhali usimshauri mtu kupunguza dawa za saratani.

Dada BintiLangoni, wa aleikum salaam. Kwanza: hapo pasikandwe tena, hata leo usiku. Ngozi iliyopita mionzi haivumilii kitambaa cha moto, wala chupa ya maji ya moto, wala kusuguliwa. Palipochubuka pigia simu wauguzi wa mionzi leo, usingoje Jumatatu.

Sasa, binamu yako hakusema uongo. Mimi ni fundi wa vifaa vya hospitali, nilisomea uhandisi wa tiba, na mradi wangu wa mwisho chuoni ulikuwa juu ya joto na saratani. Utanivumilia nikirefusha.

Uvimbe ukifikishwa nyuzi 40 hadi 43 na kukaa hapo kama saa moja, seli zake hushindwa kujirekebisha pale mionzi inapozivunja. Joto pia huvuta damu, damu huleta oksijeni, na mionzi hupiga vizuri zaidi penye oksijeni. Uholanzi, kati ya 1990 na 1996, walichukua wagonjwa 358 wa saratani za nyonga: wengine mionzi peke yake, wengine mionzi pamoja na joto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000 katika jarida la Lancet. Kwa wenye ugonjwa wa mamako, baada ya miaka mitatu walikuwa hai 27 katika kila 100 wa mionzi pekee, na 51 katika kila 100 waliopata vyote viwili. Siku niliyoisoma ile jedwali nililala nimechelewa. Lakini wale hawakupewa sisplatini, dawa ambayo siku hizi huambatanishwa na mionzi, kwa hiyo usizichukue namba hizo ukampimia mama.

Na joto lile halikuwa la makaa. Mgonjwa huzungushiwa antena zinazotuma mawimbi ya redio hadi ndani ya nyonga. Vipimajoto vyembamba kama waya huingizwa ukeni, kwenye kibofu na kwenye njia ya haja kubwa. Kati ya antena na mwili kuna mifuko ya maji baridi. Hebu lishike hilo la maji baridi: wanaipoza ngozi ndipo wapate kupasha kilichojificha. Kitambaa cha makaa kinafanya kinyume. Kinaunguza ngozi, na mlango wa kizazi unabaki vilevile nyuzi 37, kwa kuwa damu inalizoa joto njiani na kulitawanya mwilini.

Kwa nini nasisitiza kupima? Mwaka wa kwanza kazini niliitwa kwenye chumba cha watoto njiti. Kiangulio kilikuwa kinapasha bila kukoma, na kwenye kioo kimeandika kwamba mtoto ana baridi. Nikafungua kidirisha, nikaingiza mkono: joto kama la jikoni. Kile kipimajoto kidogo cha kubandika kifuani kilikuwa kimebanduka, kimelala pembeni ya shuka, kinapima hewa badala ya mtoto. Mashine ikaamini, ikazidi kupasha. Mtoto alikuwa mwekundu, analia kwa sauti ya kukauka. Alipona, alhamdulillahi. Tangu siku hiyo siliamini joto lolote mpaka nijue limepimwa wapi.

Hata watafiti wakubwa limewasumbua hilo hilo la kupima na kufikisha. Unajua mafuta ya nazi yanavyoganda chupani asubuhi za kusi, na jua likipanda yanayeyuka? Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitengeneza vifuko vidogo mno vya mafuta, liposomu, ambavyo ganda lake hulegea likifika kama nyuzi 41. Ndani yake wakatia doksorubisini, dawa kali inayoweza kuudhuru moyo ikitembea mwilini ovyo. Unamchoma mgonjwa sindano, vifuko vinazunguka vimefungwa, unapasha uvimbe peke yake, vinamwaga dawa hapo hapo. Wazo zuri kuliko yote niliyosoma, na mpaka leo nalipenda. Lakini walipolijaribu kwa wagonjwa 701 wa saratani ya ini, matokeo ya mwaka 2013 hayakuonyesha faida waliyoitarajia. Waliporudi kuchambua wakaona waliopashwa dakika 45 au zaidi kama walielekea vizuri zaidi, wakafanya jaribio jingine kwa msingi huo. Mwaka 2020 nalo likaonekana halitaifikia faida iliyotafutwa. Vifuko vilifunguka sawasawa maabara. Ndani ya ini la mtu, lenye damu inayopita kwa kasi, mambo ni mengine.

Wajerumani wao walidunga chembe za oksidi ya chuma, ndugu yake kutu, ndani ya uvimbe wa ubongo, kisha wakazitikisa kwa sumaku mpaka zikapata moto. Ulaya iliruhusu mwaka 2010. Kazi hizi zinaendelea, na natamani sana siku moja nifunge mashine kama hizo hapa Pwani. Kwa sasa mionzi ya mama ndiyo tiba, asikose hata siku moja.

MuuguziMkomani

Naunga mkono kila neno la fundi. Niongeze: joto tunalotumia hapa kwetu ni la kuzuia. Mwanamke akipakwa siki kwenye mlango wa kizazi na doa jeupe likaonekana, doa linalofaa kutibiwa hivyo tunaligusa kwa kichwa cha chuma chenye nyuzi 100, sekunde 20 hadi 30, anarudi nyumbani siku ile ile. Hiyo ni kabla ya saratani. Ikishakuwa saratani kifaa hicho hakifai tena. Binti, nawe na dada zako njooni mpimwe, na wadogo wa miaka kumi wapate chanjo, ipo bure tangu 2019.

Kwa mkandaji usimkataze, mpe kazi. Amkande mama mabega na mikono, polepole, bila moto.

BintiLangoni

Allah awalipe kheri. Nimepiga simu, wamesema tukifika Jumatatu waione ngozi kwanza, na ikizidi kuchubuka twende hospitali hapa hapa.

Bibi mkandaji nilimsomea jibu la fundi neno kwa neno. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Hiyo mashine ya Wazungu nayo yatia mai baridi?" Nikamwambia naam. Akainuka akayamwagia makaa maji. Sasa hivi yuko chumbani anamkanda mama mabega, nawasikia wanazungumza.

Swali moja tu: yale mafuta ya simsim bado yapo kwenye ngozi. Niyatoe vipi kabla ya Jumatatu?

MuuguziMkomani

Maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kwa kiganja, usisugue. Kausha kwa kugusisha taulo laini. Palipochubuka mwagia maji tu. Na ile mistari ya kalamu waliyomchora watu wa mionzi kiunoni, angalia usiifute.