Fizi zinauma: chumvi, dawa ya kusukutua au kwa daktari moja kwa moja?

Kiroboto_22
Wakuu, leo siku ya 5 fizi za chini zinaniuma, zaidi upande wa kulia. Nikipiga mswaki mate yanatoka mekundu. Meno yenyewe hayana shida, nikinywa cha baridi sishtuki. Nina chumvi, nina chupa ya dawa ya kusukutua (klorheksidini), nina ibuprofeni. Nianze na kipi?

Kasuku Kimya
Mkuu, kabla ya dawa tuambie panauma wapi hasa. Fizi zote kuwaka na kutoa damu ni jambo moja, na sehemu moja unayoweza kuigusa kwa ncha ya ulimi ni jambo jingine kabisa. Mimi nilisukutua wiki nzima bila nafuu, kumbe unywele mmoja wa mswaki uliochakaa ulikuwa umejichomeka kati ya jino na ufizi. Nilipopitisha uzi wa meno ukatoka nao. Jioni ileile nikalala vizuri.

dada_wa_zamu
Kasuku kasema kweli. Nasaidia kliniki ya meno (mimi si daktari), na wengi wanaokuja fizi zikivuja damu tatizo lao ni ukoga, ule utando laini unaojengeka pale jino linapokutana na ufizi. Usipoondolewa, ndani ya siku chache huanza kuwa mgumu na kuwa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki hata ukisugua mpaka mkono uchoke.

Sasa hivyo vitu vyako. Chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua, tema. Inatuliza na haina madhara. Klorheksidini ina nguvu zaidi kwa vijidudu, ila ukiizoea meno yanapata madoa ya kahawia na ulimi unapoteza ladha, kwa hiyo isizidi wiki mbili bila kuambiwa na daktari. Usiitumie pia papo hapo baada ya dawa ya meno, zinapunguzana nguvu. Acha kama nusu saa. Lakini hakuna hata kimoja kinachong'oa ugaga. Hiyo ni kazi ya vifaa vya kliniki.

Ibuprofeni inashusha uvimbe, jambo ambalo parasetamoli haifanyi. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asiiguse bila ushauri.

MzeeWaPembeni
Mimi ningeacha mswaki siku kadhaa, ufizi upumzike.

dada_wa_zamu
Hapana mzee wangu, shikamoo kwanza. Ukiacha, ukoga unaongezeka na damu inazidi. Badilisha mswaki uwe laini, usugue taratibu dakika mbili, asubuhi na usiku. Wanaokandamiza mswaki kama wanasugua sufuria ndio fizi zao zinarudi nyuma mpaka shina la jino linaonekana.

MzeeWaPembeni
Marahaba. Basi niongeze la kwangu: usiweke aspirini juu ya ufizi. Niliwahi kuibana hapo usiku kucha, asubuhi ngozi imekuwa nyeupe, inabanduka. Nikawa na maumivu mawili badala ya moja. Aspirini ni ya kumeza.

Tausi wa Jirani
Na wajawazito msisahaulike. Mimba yangu ya pili fizi zilivimba mpaka nikaogopa uzi wa meno, nikaambiwa ni homoni, niendelee kusafisha tu. Kisukari nacho huleta shida hii, na baadhi ya dawa za presha (amlodipini ni mojawapo) zinaweza kukuza ufizi. Ukiwa unazitumia mwambie daktari, usiziache mwenyewe.

Kiroboto_22
Nimewasha tochi ya simu mbele ya kioo. Nyuma kabisa kuna gego limetoka nusu, na juu yake kipande cha ufizi kama kifuniko, chekundu. Nikikibonyeza nasikia ladha mbaya. Nina miaka 22.

dada_wa_zamu
Hilo linafanana na gego la mwisho. Mabaki yanajificha chini ya kifuniko, panaoza, panavimba. Chumvi itakusogeza siku mbili tatu, ila hapo pasafishwe. Na usinunue antibayotiki kwa kubahatisha. Mara nyingi kusafisha kunatosha. Ukiona homa, shavu linavimba, kumeza kunakuwa kugumu au mdomo haufunguki, usingoje miadi, nenda hospitali leo hii.

Kasuku Kimya
Kipimo rahisi: vidole vitatu vilivyopangana wima vinaingia kati ya meno ya mbele?

Kiroboto_22
Viwili tu, cha tatu kinakwama. Nakwenda sasa hivi.

Kiroboto_22
Nimerudi, wakuu. Daktari alipiga picha, akasafisha chini ya kile kifuniko kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maji yakatoka na uchafu ambao sitausimulia hapa. Hakunipa antibayotiki. Kanipa bomba lile nirudie nyumbani kwa maji ya chumvi kila baada ya kula, na kuhusu kuling'oa gego tutaamua uvimbe ukiisha. Ugaga wa meno ya mbele nao ataukwangua siku hiyo hiyo.

Usiku huu vidole viwili na nusu.