Mwanangu ana siliaki, ngano tumeacha miezi 14, lakini bado anachoka. Naomba ushauri

Mama Nuru, Mombasa

Assalamu alaykum, na habari za jioni nyote.

Binti yangu ana miaka minane. Mwaka jana, baada ya kuzungushwa sana, mara minyoo, mara vidonda vya tumbo, daktari wa watoto huko Nairobi alimpima damu, akampitisha kamera na kutoa vinyama vya utumbo mwembamba. Jibu likaja kuwa ni siliaki, utumbo wake hauwezi gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano. Tangu siku hiyo nyumbani hapewi chapati, mahamri, mkate wala tambi. Kuhara kumekwisha, tumbo limepoa, ameongeza kilo tatu. Hayo nashukuru.

Lakini uchovu haujamtoka. Jana alirudi shule saa tisa, nikamwacha barazani avue viatu, nikaenda kumpakulia wali. Kurudi, nimemkuta amelala mkekani, kiatu kimoja mguuni, kingine amekikumbatia, gidamu imefunguliwa nusu. Wenzake wanaruka kamba nje, yeye hata kuwatazama hataki. Mwalimu ameandika kwenye daftari kuwa ni mvivu. Neno hilo limenichoma. Huyu mtoto kabla ya kuugua ndiye aliyekuwa akituamsha alfajiri.

Asubuhi hunywa chai ya maziwa kwa muhogo au viazi vitamu. Mchana wali na samaki au maharagwe, usiku ugali wa mahindi ya kusagisha. Dawa ya kuongeza damu alipewa ya miezi mitatu, ikaisha, hatukurudia. Damu walipima mwezi wa tatu ikawa 11.8, wakasema iko sawa.

Aliyepitia haya aniambie nitafute wapi.

Bint Kisauni

Pole mamangu. Wangu wa kiume alikuwa hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nampikia chapati za mtama, najiona nimemaliza kazi, kumbe nasukuma kwenye kibao kilekile cha chapati za ngano. Ule mti una nyufa, unga unakaa humo hata ukiosha vipi. Nikanunua kibao cha pili, mti wa kusukumia wa pili na chujio la pili, nikavifunga kamba nyekundu ili hata mgeni akiingia jikoni ajue. Angalia pia mafuta. Viazi vikikaangwa kwenye karai lililotoka mahamri, ni kama amekula mahamri.

Mzee wa Tabora

Mpe juisi ya bitiruti na unga wa mlonge asubuhi na jioni. Damu itapanda.

Nesi Mstaafu, Tanga

Mzee wangu, shikamoo. Bitiruti haina ubaya, lakini rangi yake nyekundu inatudanganya, chuma chake ni kidogo. Maini, nyama na dagaa vina chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi zaidi.

Mama Nuru, nimekaa wodi ya watoto miaka mingi, ila mimi si daktari wa mtoto wako, kwa hiyo haya yapeleke kwake. Hiyo 11.8 ni kweli si upungufu wa damu. Kwa miaka 5 hadi 11, Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu ikishuka chini ya 11.5. Lakini damu ndiyo hupungua mwisho. Mwili hula akiba kwanza, kama nyumba inayokwangua mtungi wa unga huku sufuria ya leo bado imejaa. Akiba hiyo hupimwa kwa kipimo cha feritini. Kwa umri wake, ikiwa chini ya 15 mtungi umekwisha, na mtoto anaweza kulegea kabisa huku karatasi ya damu inasema sawa. Asipimwe akiwa na homa au mafua, maana feritini hupanda yenyewe mtu akiugua, ikaficha ukweli.

Na chai, mwanangu. Sisi wa pwani tunawazoesha watoto chai na chakula pamoja, na majani ya chai huzuia chuma cha maharagwe na mboga kisiingie mwilini. Itenge na chakula kwa saa moja au mbili. Mchicha na maharagwe kamulia ndimu.

Tena omba warudie kingamwili za siliaki, wale askari wa mwili wanaochokozwa na gluteni, hupimwa kwenye damu kwa kipimo kiitwacho tTG. Mtoto asiyekula gluteni kabisa, zinashuka mwezi hadi mwezi. Miezi 14 imepita, ikiwa bado ziko juu sana basi ipo njia inaingia. Haihitaji nyingi. Miligramu 50 kwa siku, yaani chembe za mkate tu, zikiendelea kila siku zinatosha kuuchubua utumbo.

Apimwe na tezi ya shingoni na sukari, kwa sababu watoto wa siliaki hupata maradhi hayo zaidi ya wengine. Ukiona anakunywa maji kupita kiasi na kukojoa sana usiku, usingoje miadi, mpeleke siku hiyohiyo. Wala usikubali kila uchovu ubebeshwe siliaki. Huku kwetu kuna malaria, kuna safura, kuna selimundu. Wapime na hayo.

Mama Wawili, Leicester

Nyongeza kwa hayo ya bi mkubwa. Hapa Uingereza unga mweupe wa ngano huongezwa chuma na vitamini kwa sheria. Nilipohamia unga usio na gluteni, nikaja kujua kwamba mingi haiongezwi chochote. Binti yangu aliacha ngano, na kile chuma cha kuongezwa akakiacha pamoja nayo. Kenya nako, tangu 2012 unga wa pakiti wa mahindi na wa ngano unatakiwa uongezwe chuma, zinki na vitamini. Wewe unasagisha mwenyewe, kwa hiyo hayo huyapati. Tena mashine ile ya kusaga, kabla ya mahindi yako ilisaga nini? Wangu alichukua karibu mwaka na nusu kurudi kukimbia, usikate tamaa.

Zuhra wa Bara

Na mimi wangu analala sana na tumbo humjaa gesi. Nimesoma hapa nikaona kesho nimwachishe ngano nione.

Nesi Mstaafu, Tanga

Zuhra, tafadhali usimwachishe bado. Ukiiondoa ngano kabla ya vipimo, kingamwili zinashuka, utumbo unaanza kupona, na hata kamera haitaona kitu. Utabaki hujui ana nini. Ale kama kawaida, apimwe, ndipo muamue na daktari.

Baba Jabali, Lamu

Mama Nuru, umetutajia asubuhi, mchana na usiku. Saa nne shuleni anakula nini?

Mama Nuru, Mombasa

Baba Jabali, hununua vitumbua langoni. Nimemruhusu kwa sababu ni vya mchele.

Baba Jabali, Lamu

Kamuulize anayevipika, dada.

Mama Nuru, Mombasa (siku tisa baadaye)

Ndugu zangu, nimerudi.

Nilikwenda langoni kesho yake asubuhi. Yule mama ananijua, akanikaribisha kigoda. Nikamuuliza vitumbua vyake anatia nini. Akaniambia bila kuficha kitu: mchele, nazi, sukari, hamira, iliki, "na konzi ya ngano vishikane, maana mchele peke yake unakatika." Kila siku ya shule, miezi 14, vitumbua viwili. Nilipomweleza alishika kichwa. Hakuwa na ubaya, na mimi ndiye ambaye sikuuliza.

Majibu tumepata jana. Kingamwili zimeshuka kutoka za mwanzo lakini bado ziko juu. Feritini ni 9. Tezi na sukari salama, malaria na safura hana. Daktari amerudisha dawa ya chuma, na kingamwili tutarudia baada ya miezi sita. Nimemwomba aandike barua kwa mwalimu, na ameandika kwamba mtoto ni mgonjwa anayepona, akisinzia aachwe apumzike.

Bi Nesi, tangu juzi choo chake kimekuwa cheusi. Ni dawa?

Nesi Mstaafu, Tanga

Ni dawa, mwanangu. Rangi hiyo ni ya kawaida ya chuma. Kikiwa kama lami, kinanata, na harufu kali isiyo ya kawaida, hapo rudi hospitali. Mpe dawa na maji ya chungwa, si maziwa wala chai. Isiishie njiani kama mara ile, hata ukimwona amechangamka. Akiba huchelewa kujaa.

Mama Nuru, Mombasa

Nimeelewa, mama yangu. Mama wa vitumbua amesema Jumamosi atakuja jikoni kwangu tujaribu vya mchele mtupu. Nimenunua chuma kipya cha vitumbua. Kuna anayejua vitashikana vipi bila ngano?

Bint Kisauni

Mchele uloweke usiku kucha. Unapousaga, tia vijiko viwili vya wali uliopikwa, usage pamoja na tui zito mpaka uteleze, kisha uache uumuke vizuri. Chuma kipate moto kabla hujamimina, na usigeuze mpaka pembeni pakauke. Havikatiki.