Ulinganisho: XOSS G, iGPSPORT BSC100S au Garmin Edge 130 Plus kwa anayetaka GPS ya kawaida tu?

Kigurudumu:
Wakuu, habari za mizunguko. Mwaka mzima nimerekodi safari zangu za baiskeli kwa simu na sasa nimechoka. Jua likiwaka sioni kitu, jasho likidondokea kioo kinajibonyeza chenyewe, na baada ya saa tano barabarani nabaki na chaji asilimia 9, yaani nikipata pancha mbili huko mbali hata kupiga simu ni bahati. Nataka kifaa kinachonionyesha kasi, umbali, muda na mwinuko, kisha nikifika nyumbani nipeleke rekodi Strava (programu ya kuhifadhi na kulinganisha safari). Ramani ya rangi siitaki. Nimechuja nikabaki na hizo tatu za kwenye kichwa cha habari. Tofauti iko wapi hasa?

Spoku36:
Karibu mkuu. Nimepita kwenye zote tatu, mbili nilizinunua na moja ni ya mdogo wangu.

XOSS G ndiyo ya msingi kabisa. Kioo inchi 1.8, betri saa 25 kwa maelezo ya mtengenezaji, na haipokei sensa yoyote (vile vifaa vidogo vya pembeni vya kupima kasi au mapigo ya moyo). Ukija kutaka kuona mapigo ya moyo itabidi ununue kifaa kingine, basi hapo fikiria mapema (ndugu yake XOSS G+ anapokea sensa).

BSC100S ina kioo cha inchi 2.6, betri saa 40, na inapokea sensa za ANT+ (mawimbi ya redio ya vifaa vya michezo) na za Bluetooth. Ni kubwa kidogo kwenye usukani.

Edge 130 Plus ina gramu 33 tu, ina baromita ya kupimia mwinuko, na ukiipakia njia kabla ya kutoka inakuchorea mstari wa kuufuata. Betri yake ni saa 12. Kwa anayetoka asubuhi na kurudi mchana zinatosha kabisa. Kwa anayesafiri siku tatu mfululizo porini, hapana.

Mimi ningekwambia BSC100S, na sababu yangu kubwa ni kioo.

MamaPedali:
Namuunga mkono Spoku36 kuhusu kioo, na niongeze jambo ambalo kwenye matangazo halisemwi. Ukiwa kasi ya 30 unakata zaidi ya mita 8 kila sekunde. Ukikodolea macho tarakimu ndogo kwa sekunde mbili, umeshapita karibu mita 17 bila kuangalia barabara. Mimi natumia miwani ya kusomea, na barabarani siivai. Kwa hiyo kifaa chochote nakipanga ukurasa wa kwanza uwe na vitu vitatu, vinne vikizidi: kasi, umbali, muda, saa ya ukutani. Vingine vyote vikae ukurasa wa pili, nitavisoma nikisimama kunywa maji.

Na vioo hivi vya rangi moja vinasomeka vizuri zaidi jua likiwa kali, kwa sababu vinatumia mwanga wa nje badala ya kushindana nao. Huko ndiko vinakoishinda simu.

Mteremko:
Naona wote mnazungumzia kifaa, mimi nazungumzia sensa ya kasi. Kigurudumu, kama njia zako zina miti mingi au kona nyingi, chagua kifaa kinachopokea sensa, na hapo XOSS G inatoka. GPS inakuwekea nukta, kisha inaunganisha nukta kwa mistari iliyonyooka. Kwenye kona kali mstari unakata ndani, na umbali unapungua. Chini ya miti mizito nukta zinayumba, kasi inaruka 18, 25, 14, na wewe uko kwenye mwendo uleule.

Sensa ya kwenye habu (kitovu cha gurudumu) inahesabu mizunguko ya gurudumu, basi. Ila lazima uiambie mzingo wa tairi lako. Jedwali linasema 700x25 ni milimita 2,105. Mimi sikuliamini. Nilijaza upepo kama siku ya safari, nikapiga alama ya chaki kwenye tairi pale penye valvu na nyingine sakafuni chini yake, nikakaa juu ya baiskeli mke wangu akiniegemeza, nikasogea mizunguko mitatu kamili. Nikapima kwa tepu, nikagawa kwa tatu: 2,091. Kukaa juu yake ni muhimu, maana uzito wako unalibonyeza tairi na mzingo unapungua. Ukikosea milimita 21 hapo ni asilimia 1, kilomita nzima kwenye safari ya 100.

GiaYaChini:
Mteremko, kwa heshima zote, huyu ndugu anaanza. Sensa ataongeza baadaye. Wengi wanaolalamika kwamba GPS inapotosha umbali, tatizo lao liko kwenye dakika ya kwanza: wanawasha kifaa, wanabonyeza kuanza, wanaondoka hapo hapo.

Simu huletewa taarifa za setelaiti kupitia mtandao, ndiyo maana inajipata haraka. Kifaa kidogo kisichoshikana na simu kinazipokea chenyewe kutoka angani, na kila setelaiti inahitaji takriban sekunde 30 za mawimbi yasiyokatika. Ukiwa unatembea katikati ya majengo marefu yanakatika, kinaanza upya. Toka nje, kiweke juu ya tandiko kikitazama anga, funga kofia, vaa glavu, kagua breki. Ukimaliza kimeshatulia. Ukisimama kula saa moja halafu ukawasha tena, utaona kinashika upesi, maana taarifa zile hudumu saa kadhaa.

Kigurudumu:
Asanteni sana. GiaYaChini, kumbe hilo la kuondoka mapema ndilo langu hata kwenye simu. Swali la mwinuko: baromita ina umuhimu gani? Na kuna jamaa ananiuzia kifaa cha zamani kilichotumika, kina zaidi ya miaka kumi. Nikichukue?

Spoku36:
Mwinuko wa GPS peke yake huyumba kwa mita kadhaa hata umesimama, kwa sababu setelaiti zote ziko juu yako na hakuna iliyo chini. Baromita inasoma hewa: karibu na usawa wa bahari, ukipanda mita 8 hivi kanieneo hushuka kwa hektopaskali 1. Inahisi hata kilima kidogo. Lakini ina kitundu, na kitundu kikiingia maji inaharibu hesabu. Kifaa changu cha zamani kiliwahi kunipa mamia ya mita za kupanda kwenye njia tambarare, mvua ilikuwa imeziba. Kipulize kwa mdomo na ukiache kikauke, usichokonoe kwa pini.

Hicho cha miaka kumi, kiwashe nje kwanza uangalie tarehe. GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza sifuri, na mara ya mwisho ilikuwa Aprili 6, 2019. Kifaa kisichopata sasisho kinaweza kukurudisha miaka 19 nyuma, na rekodi zako zote zikaingia Strava na tarehe hizo. Tarehe ikiwa mbovu na sasisho halipatikani, kiache.

Kigurudumu:
Nimerudi. Nilikiwasha cha yule jamaa, kikasoma mwaka 2005. Nimenunua BSC100S. Jana kilomita 74, kioo nimekisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuinama, simu imefika nyumbani na asilimia 81. Nilisubiri kwenye tandiko kama mlivyosema, na mstari wa rekodi umeanzia getini kwangu, si mtaa wa tatu.

MamaPedali:
Hongera mwanangu. Sasa funga kamba ya usalama kutoka kwenye kifaa hadi usukani, leo hii, kabla ya barabara ya mawe.