Wakuu, maandishi ya kioo kwenye Photoshop yananitoa jasho

Fundi_Pasua: Wakuu habari za jioni. Nipo Moshi, nina kazi ya saluni, mwenyewe anataka jina lionekane kama kioo. Nikishusha Opacity kila kitu kinafifia. Anaitaka kesho asubuhi. Msaada tafadhali.

Kibosho1: Opacity achana nayo. Shusha Fill mpaka 0, halafu weka Bevel & Emboss na Inner Shadow. Fill inaondoa rangi ya herufi tu, mng'ao na kivuli vinabaki. Nyuma weka picha yenye rangirangi, maana kioo juu ya weupe hakionekani.

Bi_Kadi: Nilifanya hivyo kadi za mchango. Kwenye simu zilimeremeta, kwenye karatasi kama vumbi. Kamati ilinisema mpaka harusi ikaisha.

Mzee_wa_Plota: Kijana, hiyo kazi inakwenda wapi?

Fundi_Pasua: Mlangoni mzee. Mlango wa kioo.

Mzee_wa_Plota: Unaprinti au unakata?

Fundi_Pasua: Nakata kwa plota. Ila stika nyeupe nimeshanunua na advansi nimeshachukua.

Mzee_wa_Plota: Si ungeanza na hilo! Plota ni kisu, inafuata mstari, kivuli haikijui. Tafuta stika ya ukungu, ile ya madirisha ya ofisi, ukate herufi humo.

Fundi_Pasua: Hela ya stika nyingine sina. Nikiprinti kwenye stika angavu je?

Mzee_wa_Plota: Bila wino mweupe chini, rangi zitapauka. Wino wa printa unapitisha mwanga.

Kijiweni: Advansi imeishia kwenye mbege hiyo 😂

Mchunguzi: Chai hii. Mwezi jana si ulikuwa Tabata unauza simu? Haya, mlima leo ukoje?

Fundi_Pasua: Mawingu tangu asubuhi, sijauona. Na Tabata nilikwenda msibani.

Mchunguzi: Jibu hilo hata mtu wa Mtwara analo. Weka picha.

Fundi_Pasua: [picha] Haya. Herufi 3 za SALUNI nilishazikata, nimebandika kwa ndani watoto wasizichune.

Bi_Kadi: Mbona nasoma LAS? Tena S imegeuka.

Mchunguzi: Nimeamini. Hili mtu hawezi kulitunga.

Mzee_wa_Plota: Ya kubandika ndani hugeuzwa kwanza, ndipo unakata. S na L tupa. A ibandue taratibu, hiyo hata ukiigeuza ni ileile.

Fundi_Pasua: A imechanika mzee.